Kabati la Watoto Wasio na Mama

Wewe, ulishawahi kumsikia mtoto mchanga akilia mpaka sauti ikamwisha? Sisemi kulia kwa tumbo, wala kulia kwa sababu amelowa. Nasema kulia kwa njaa. Kwanza anapiga kelele hadi miguu inatetemeka. Halafu analia kwa kukatakata, kama mwana-mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake. Halafu mdomo unafunguka, uso unakunjamana, na hakuna kinachotoka. Hapo ndipo utaogopa. Mimi nimezaa na nimelea, nimeshika wajukuu mikononi nikiwaosha kwa maji ya vuguvugu, na jambo hilo sikuwahi kuliona kijijini kwetu. Nilikuja kuliona mjini Kisii, ndani ya hospitali ya akina mama, yenye vigae vyeupe na maji ya bomba, karibu kabisa na kabati lililojaa maziwa.

Jina la hospitali sitalitaja. Langu ni Bochaberi, wa Kebirigo, upande wa Nyamira. Nina majani chai kidogo na migomba nyuma ya jikoni. Waulize watu wa kanisa letu la Sabato, watakuambia Bochaberi ni mtu wa pole. Kwenye foleni ya kupima majani chai mtu akinipita mimi namwacha apite, maana mizani haiendi popote. Kwa hiyo hasira hii ninayokusimulia haikunijia haraka. Ilichemka taratibu, kama maji kwenye sufuria nzito.

Binti yangu wa mwisho, Lorna, ameolewa Suneka na kijana anaitwa Omosa, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Ni kijana mzuri, mwenye haya, mikono yake ina alama ndogo ndogo za cheche. Mama yake Omosa alifariki kabla ya harusi. Hilo uliweke akilini, kwa sababu angekuwa hai, yeye ndiye angekaa kando ya kitanda cha Lorna. Mtoto akizaliwa ni wa kwao, si wa kwetu. Lakini mama huyo hayupo, kwa hiyo nikaitwa mimi.

Lorna alizaa kwa kupasuliwa, na damu ikamtoka nyingi mpaka wakamwongezea ya watu wengine. Nilipofika kesho yake nilimkuta rangi imemtoka, midomo imekauka, viganja vyeupe ndani kama vya mtu aliyeshinda akifua. Mtoto alikuwa msichana. Nywele nyingi, nyeusi, zimelala hadi kwenye paji la uso. Vidole virefu. Sikio moja limekunjika kidogo kwa kulaliwa huko tumboni. Wakamwita Nyamoita, jina la marehemu mama yake Omosa.

Nilikuwa nimebeba themosi ya uji wa wimbi. Kwetu mzazi hunyweshwa uji huo ukiwa moto ili maziwa yaje. Nilikuwa nimebeba pia mkebe wa maziwa ya unga ya mtoto, ambao binti yangu mkubwa aliniwekea kwenye kikapu, chini ya leso. Alisema, "Mama, Lorna ametokwa na damu nyingi. Beba huu, huwezi kujua." Askari wa geti aliinua leso, akautoa mkebe, akauweka kwenye rafu iliyo juu ya redio yake.

"Hii haiingii, mama. Hapa ni kunyonyesha tu."

"Na kama maziwa hayatoki?"

"Hayo utauliza huko ndani. Mimi kazi yangu ni geti."

Sikubishana. Rafuni palikuwa na chupa za kunyonyeshea na mikebe mingine ya watu. Nikaona mmoja unafanana na wangu, nikajisemea kumbe kuna wengine waliofikiria kama sisi. Nikaingia na uji wangu.

Ukutani, mbele ya kitanda cha Lorna, walikuwa wamechora chupa ya kunyonyeshea ikiwa imepigwa alama nyekundu ya kukataza, kama wanavyochora sigara. Kando yake wamechora mama ananyonyesha, mashavu yamemjaa, na mtoto wake ameshiba hadi shingo haionekani. Lorna alilala akitazamana na picha hiyo tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa. Kila alipofumbua macho, ni hiyo.

Kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa upande wa ziwa, anaitwa Pam, karani wa duka la vyuma hapo mjini. Mwili mkubwa, sauti kubwa, na maziwa yalimtoka mpaka yakalowesha gauni. Aliniita Dani, yaani nyanya kwa lugha yao.

"Dani, nipe huyo mdogo nimwekee mafuta," akasema siku ile ya kwanza, akipiga kifua chake. "Tatizo ni moja tu. Akinyonya kwangu atakataa mboga zenu, atataka samaki."

Hata Lorna alicheka, akajishika kidonda. Lakini muuguzi alisikia. Anaitwa Sista Loice, mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Nyacheki, anayetembea haraka kama mtu anayefukuzwa na mvua.

"Hakuna kunyonyesheana hapa," akasema. "Kuna magonjwa. Kila mama na mtoto wake."

"Sista, ya kwake hayatoki," nikamwambia.

"Yatatoka. Maziwa huja kwa kunyonywa. Mweke kifuani, na asipotaka umweke tena."

Tukamweka. Tukamweka tena. Lorna alikuwa hawezi kuketi kwa sababu ya kidonda, kwa hiyo mimi nilimshika mtoto pembeni, nikainama mpaka kiuno kikaniuma. Nyamoita alikuwa ananyonya kwa nguvu, anaacha, ananyonya, anaacha, halafu ananitazama mimi kama ni mimi niliyeyaficha. Nikimaliza namtilia Lorna uji. Namwambia, "Kunywa, mwanangu, yatakuja." Naye anakunywa huku anatazama ukuta.

Asubuhi iliyofuata daktari alikuwa na zamu ya kupita vitandani. Wanaitwa madaktari lakini yeye, Daktari Ratemo, alikuwa kijana tu, ndevu hazijajaa. Saa hizo jamaa wote hutolewa nje, kwa hiyo sikusikia alichosema. Nilikuwa kwenye bomba la nyuma, nasugua kikombe cha uji. Niliporudi, Sista Loice alinikuta mlangoni, mikononi amebeba shuka hadi kidevuni.

"Mama, kuhusu kumlisha mtoto, wewe unasemaje?"

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kwa swali kama hilo, mwanamke wa Kisii aliyelelewa vizuri, tena mama wa binti aliyeolewa, hawezi kujibu atakavyo. Mtoto si wa kwetu. Nikisema apewe hiki au asipewe kile, kesho watu wa Suneka watasema mama yake Lorna alikuja kututawalia mtoto. Nikajibu kama ninavyopaswa kujibu.

"Sista, mimi ni mgeni hapa. Hayo ni ya mwenye mtoto. Muulize baba yake."

"Sawa," akasema, akaenda na shuka zake.

Mimi nikadhani ni maneno ya kupita tu. Nikarudi kando ya kitanda. Mchana ule Nyamoita alianza ule mlio wa kukatakata. Midomo yake ilikuwa imekauka, na nilipomgusa katikati ya kichwa, pale panapopigapiga, niliona pameingia ndani kidogo. Nikamfungua nepi. Ilikuwa kavu. Mtu aliyelea hahitaji kuelezwa nepi kavu ni nini.

Nikaenda hadi kwenye meza ya wauguzi. Nikaenda taratibu bado.

"Sista, mtoto hajakojoa tangu asubuhi."

"Mweke kifuani, mama."

"Amenyonya hewa tangu juzi."

"Mama, tafadhali. Nina wodi nzima peke yangu."

Ndipo nikaliona kabati. Lilikuwa nyuma yake, la chuma, rangi ya kijivu, lina kioo juu na kufuli chini. Nyuma ya kioo mikebe imepangwa vizuri, vifuniko vya bluu, mingi kuliko ya kwenye duka la Kebirigo.

"Hayo ni nini?"

"Ni ya watoto wasio na mama."

"Wapi hao?"

"Mama akifariki hapa, mtoto wake ndiye anapewa. Ndiyo sheria ya hospitali. Mama akiwa hai, ananyonyesha."

Nilisimama pale. Niliyarudia maneno hayo kichwani, kama unavyorudia hesabu iliyokataa. Halafu ile sufuria yangu ikafurika.

"Kwa hiyo Lorna afe kwanza?"

"Mama, sijasema hivyo."

"Umesema! Umesema akifa mtoto anakula, akipona mtoto analala njaa! Tuliomba damu, mkampa, Mungu awabariki. Sasa mnamwonyesha nini? Kwamba angekufa ingekuwa heri kwa mtoto wake?"

"Punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Sipunguzi! Mkebe wangu mmenipokonya getini, wa kwenu mmefungia. Ya kwetu hamtaki, ya kwenu hamtoi. Mnataka nini? Niende nikamtafutie ng'ombe?"

Wanawake walijiinua kwenye viwiko. Sista Loice akasimama, na nikaona ya kuwa hata yeye alikuwa na hasira, tena ya zamani kuliko yangu.

"Sasa na wewe nisikilize, magokoro," akasema. Magokoro ni nyanya, kwa lugha yetu. "Unafikiri napenda kuwa na ufunguo? Kuna watu walikuja kijijini kwetu na gari lenye picha ya mtoto mnene. Waligawa mikebe bure. Dada yangu alikuwa amejifungua, akapewa. Maziwa ni ya bure, kwa nini ajisumbue kunyonyesha? Yake yakakauka. Mkebe ukaisha, na wale watu hawakurudi. Akaanza kununua, halafu akaanza kupima nusu kijiko ili usiishe haraka. Maji ya mto, chupa haichemshwi. Mtoto akaharisha wiki nzima tukamzika. Nilimshika mimi. Kwa hiyo usiniambie mimi habari ya mkebe kana kwamba ni dawa."

Alichosema kilikuwa kweli, na mimi mwenyewe nilikumbuka nyumba mbili tatu za kwetu zilizopitia hapo. Lakini hasira ikikosa pa kukaa haiondoki. Nilitazama nyuma, nikaona mkono wa Lorna umening'inia kitandani, na ule mdomo mdogo umefunguka bila sauti.

"Pole kwa dada yako," nikasema. "Lakini maziwa ya dada yako yalikuwepo, yakakaushwa. Ya Lorna hayajakuja. Hayo ni mambo mawili."

Ndipo Pam akapaza sauti kutoka kitandani kwake.

"Na daktari je? Sista, daktari alisema apewe! Nilisikia na haya masikio yangu. Alisema kwa kikombe, siku chache, mpaka mama apate nguvu."

Nikageuka kumtazama Loice. Akashusha macho, akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Daktari anaweza kuipita sheria, lakini alisema apewe kama wenyewe wanakubali," akasema. "Na wenyewe mlikataa."

"Nani alikataa?"

"Nyinyi. Nilikuuliza wewe, ukasema si kazi yako. Nikatoka nikamuuliza baba ya mtoto pale barazani, akasema mama mkwe ndiye anajua. Nikarudi nikakuona unampa mgonjwa uji. Nikajua basi, hawataki, wanangojea maziwa ya mama. Watu wa hapa wakikataa kitu hawasemi hapana. Wanakutuma kwa mwingine."

Nakwambia nilicheka. Nilicheka vibaya, bila furaha, mpaka mama mmoja akajifunika shuka.

Kama wewe si wa kwetu, ngoja nikueleze. Sisi Wakisii tuna heshima tunaiita chinsoni. Mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai kwenye kitanda kimoja, wala hawaingii pamoja mahali palipolala mtu. Omosa akija kumwona mke wake, anaulizia kwanza barazani kama mimi niko ndani. Nikiwa ndani anangoja. Mimi nikiambiwa yuko nje, natoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kwenye bomba, ndipo anaingia. Siku hizo mbili tulikuwa tunapishana hivyo kama jua na mwezi, tukiachiana salamu kwa wagonjwa. Na kuna maneno ambayo hayapiti kamwe kati yetu. Kifua cha binti yangu ni mojawapo. Omosa angemwambia nini muuguzi, kwamba mke wake hana maziwa, na mimi nasikia dirishani? Angekufa kwa aibu.

"Loice," nikasema, sikumwita Sista. "Wewe umezaliwa wapi?"

"Nyacheki."

"Mama yako akiulizwa habari ya kifua chako, mume wako akiwa karibu, atajibu nini?"

Akatazama vitanda.

"Jibu. Hawa wote wanasikiliza."

"Atasema aulizwe mume wangu," akasema polepole.

"Na mume wako?"

"Atasema aulizwe mama."

"Na hapo umekataliwa?"

Pam akapiga makofi mara moja. "Aaa, Wakisii nyinyi! Hata kwetu wakwe wanaheshimiana, lakini mtoto akilia angalau tunarushiana maneno kupitia ukuta!"

"Nina gauni la kazi, mama," Loice akasema. "Nikilivaa nauliza maswali kama nilivyofundishwa. Sijui nilisahau vipi."

"Fungua kabati."

"Siwezi kufungua kwa neno lako peke yako. Baba lazima aseme mwenyewe, nimsikie. Nikikosea wananifukuza kazi."

Basi nikatoka. Sikutumia mlango wa bomba. Nilitumia mlango wa mbele, ule unaotokea barazani, ambao sikuwa nimeupita hata mara moja Omosa akiwa nje. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia mkononi, pamoja na akina baba wengine na bibi mmoja aliyekuwa anamenya mayai. Aliponiona aliruka akasimama, akageuka akatazama ukuta.

"Omosa," nikasema.

Sikuwahi kumwita jina lake. Siku zote nilikuwa simwiti chochote, naanza tu maneno.

"Mama," akauambia ukuta. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kwa nini afe mtu?"

"Umeniita jina."

"Nimekuita jina kwa sababu maziwa hayatoki. Titi la mke wako halitoi kitu, hata tone, na mtoto wako amekauka koo. Umesikia? Titi."

Yule bibi aliangusha yai. Akina baba wakatazama viatu vyao. "Yesu wangu," bibi akasema, "mama huyu amechanganyikiwa."

"Nimechanganyikiwa, ndiyo," nikamwambia. "Menya mayai yako."

Omosa alikuwa amebana kofia mpaka imekuwa kama kitambaa cha kufutia meza. Shingo yake yote ilikuwa na jasho. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia.

"Mama, mimi nilileta mkebe," akasema, bado anatazama ukuta. "Siku aliyojifungua. Walininyang'anya pale getini."

"Wewe?"

"Uko pale juu ya redio."

"Na wangu uko pale pale!"

Alisahau akageuka nusu, akajikumbuka, akarudi ukutani. "Kumbe huo mwingine ni wako? Niliuona jana. Nikafikiri kuna mtu mwingine mjinga kama mimi."

"Na sista alipokuuliza?"

"Nilisema mama ndiye anajua. Ningesemaje, mama? Nilifikiri wewe umekataa mambo ya mkebe, ndiyo maana unaleta uji. Nikasema nisikudharau."

"Mimi nikasema mwenye mtoto ndiye anajua."

"Basi hakuna aliyekataa," akasema.

"Hakuna."

"Na hakuna aliyekubali." Hapo akapiga ukuta kwa ngumi, mara moja, sauti ya mtu aliyezoea nyundo. "Tumekaa hapa tukiheshimiana, na mtoto analia!"

Sista Loice alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Omosa akasema bila kugeuka, lakini kwa sauti ambayo hata askari wa geti aliisikia, "Mpe maziwa! Mimi ndiye baba yake. Mpe!"

Loice alikimbia. Nilimwona akifungua kufuli, ufunguo ukimgomea mara ya kwanza. Alichemsha maji kwenye birika la umeme, akayamimina kwenye jagi safi, akapima unga kwa kile kijiko chake cha ndani, akaufuta juu kwa kisu ili usizidi wala usipungue. Hakuchukua chupa ya kunyonyeshea. Alichukua kikombe kidogo, kama cha kunywea dawa. Alipoza, akajidondoshea kwenye kifundo cha mkono. Huku anafanya hivyo ananieleza kila kitu, haraka haraka, kwa sauti ya chini: maji yachemke kweli kweli, usipunguze unga, kikombe si chupa, na kifuani awekwe kila wakati kabla ya kikombe ili maziwa ya mama yasisahau kuja.

"Hivi ndivyo ungeniambia jana," nikasema.

"Hivi ndivyo ningekuambia jana," akasema, akafuta jicho kwa bega lake kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika kikombe.

Nikamketisha Nyamoita mapajani. Loice aliweka ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini. Mtoto alinusa. Akatoa ulimi, mdogo, wa waridi, akalamba kama paka. Akasimama. Akalamba tena, halafu akaingia kwenye kikombe na pua yake yote, akakohoa, akarudi. Pam alikuwa anaimba kwa Kijaluo huko kitandani kwake. Mama wa kitanda cha pembeni alikuwa analia. Kikombe kilipoisha, Nyamoita aliacha mdomo wazi, tone jeupe limebaki kidevuni, akalala hapo hapo mikononi mwangu na mkono umeshika kidole changu.

Omosa alikuwa amekuja hadi mlangoni. Hakuingia, mimi nilikuwa ndani. Lakini alichungulia, na mimi sikutoka kwa mlango wa nyuma.

Nikamgeukia Lorna. Nilikuwa bado nina maneno ya kumwambia mkubwa wa hospitali, yule mwenye sheria ya kabati, na niliapa nitamtafuta siku hiyo hiyo. Nilitaka binti yangu aone.

"Umeona, mwanangu? Tumekupigania. Mimi na mume wako, tumeongea mbele ya watu. Sasa unywe uji kidogo ili..."

"Mama, hebu nyamaza."

Lorna hajawahi kuniambia maneno hayo tangu azaliwe. Alikuwa amefumbua macho, makavu, na alikuwa anatutazama sote mmoja mmoja, mimi, Loice na kikombe chake, na Omosa pale mlangoni.

"Sitaki uji. Mnasema mlimuuliza baba, mlimuuliza mama, mlimuuliza daktari. Mimi nilijua hayatoki kabla yenu wote. Ni kifua changu. Tangu juzi nilijua. Kila nikifungua mdomo, sista ananiwekea mtoto na wewe unaniwekea kikombe, halafu nabaki na ule mchoro. Nikaona basi, mimi ni mama mbaya, ngoja ninyamaze."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, mtoto mikononi. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa watu wa kabati ilikuwa imesimama pale, haijui imwelekee nani.

"Ulitaka nini, Lorna?" nikamuuliza.

Aligeuza kichwa upande wa pili, mbali na ukuta ule. Akavuta pumzi, akajishika kidonda.

"Nilitaka kulala," akasema. "Nilitaka mtu, yeyote, hata nisiyemjua, aje aniambie: Lorna, lala sasa, mtoto wako atakula."